Mita Mbili

Karatasi ilikuja kwa simu, imepigwa picha ikiwa na mikunjo:
upepo mkali unaozidi kilomita arobaini kwa saa,
mawimbi makubwa yanayozidi mita mbili.
Uwezekano wa kutokea: wastani.
Mtendaji akasema, Somoe, koo ni lako.
Ndilo lililotangaza chanjo, vitambulisho,
malipo ya korosho yaliyochelewa, maziko ya Mzee Nachunga.

Nikapanda pikipiki ya Chinguile, nimekaa kinyumenyume,
uso wangu uwaelekee wale tunaowaacha.

Haya, wastani unatangazwaje?
Msimbati nzima sijaona mtu aliyepata wastani:
ama umepata, ama umekosa.
Nikashuka kwa Binti Hokororo, nikajibana ukutani kwake,
nikanyoosha mkono mpaka kidole kikagusa fito za paa.
Mita mbili ni hapa, nikasema. Mama, ni hapa.
Akakitazama kidole, akakitazama kitanda.
Hakuniuliza kitu. Akaanza kufungua redio ukutani.

Na kilomita arobaini kwa saa
ni Chinguile huyuhuyu, njia kavu, abiria hadai chenji.
Mpeni mabati yenu ayapakie, nikawaambia,
muone atayatua wapi.
Wakacheka. Wawili wakaenda kutafuta kamba.

Kwa Likwata nilikizima kipaza sauti.
Ana miaka sita hasikii hata radi.
Nikaingia, nikamkunjia mkeka aliokuwa ameukalia nusu.
Akaelewa. Akatafuta viatu.

Lakini kwenye kibanda cha kuchajia simu
vijana walikuwa wananingoja.
Somoe, tena? Mwaka ule ulitulaza darasani Madimba
siku mbili, watoto wana mafua,
kuku wangu watatu wakaibwa,
na upepo wako haukuja.

Betri ikakoroma mkononi mwangu.

Haukuja, kweli.
Nilirudi nikakuta sufuria palepale nilipoiacha,
maji ya kunawa kikombeni hayajamwagika tone.
Nikaona aibu, kama niliyealika watu
kwenye harusi isiyo na bwana.

Ila upepo hauna nyumbani pa kurudi ukighairi.
Ulivuka Ruvuma, haukuonyesha kibali,
ukaingia kwa mdogo wangu Fatu.
Siku tisa yule mwanamke wa mtandao
ananiambia kwa adabu kwamba hapatikani.
Ya kumi Fatu alipiga kwa simu ya mtu,
sauti imemkauka, na kabla ya salamu akauliza:
Nyinyi huko, mlihama?
Tulihama, nikasema.
Akasema, afadhali.
Hakuuliza kama ulikuja.

Haya sikuwasimulia pale kibandani.
Kipaza sauti ni cha ofisi, na betri ilikuwa mstari mmoja.
Nikasema tu: kuku nitalipa mimi. Watatu.
Na safari hii njooni nao, miguu imefungwa.
Yule mwenye kuku akatema mate pembeni,
akachomoa simu yake kwenye chaja
ikiwa asilimia thelathini.

Sasa ni saa saba usiku, Madimba, darasa la nne.
Ubaoni kuna hesabu ambayo hakuna aliyeimaliza.
Likwata amelala fofofo, bahati yake.
Kuku wanajibizana chini ya madawati.
Bati juu yetu limeanza kusema neno dogo,
linalirudia, halijalisema lote.

Mungu wangu, naomba nionekane mwongo tena.
Kesho wanicheke kuanzia hapa mpaka kwetu,
waniite Somoe Kimbunga, wanangu warithi jina.

Kisha namkumbuka Fatu ng'ambo ya mto,
na ombi nalirudisha mdomoni, nalitengeneza upya:
usije huku, usiende kule,
uishie hukohuko majini,
mahali pasipo na ukuta wa kupimia.