Kona Iliyokatwa

Ukuta wa maegesho, nyuma ya duka la viatu,
ni mweusi, unang'aa kama jicho la ng'ombe.
Wageni wanaokuja gulioni Lanwethen kila Jumatano
huupapasa, huuliza: jiwe gani hili?
Si jiwe. Ni mavi ya bati.
Tanuri lilikunya, mji ukajenga.

Mwaka wa kwanza haujulikani vizuri.
Karatasi zasema Degory Nankivell, muuza ngozi,
na shemeji zake wawili, na mjane mmoja
aliyetia fedha ila jina hakutiwa.
Walinunua shamba la kabichi kando ya mto,
wakasimamisha matanuri sita na dohani moja
ndefu kuliko mnara wa kanisa.
Kasisi aliipima kwa kamba, akanuna hadi Pasaka.

Makaa yalitoka Welisi kwa meli, kisha kwa nyumbu.
Mbale ilitoka mashimo ya kusini,
nyeusi, imesagwa laini kama ugoro.
Usiku anga likawa jekundu, na watu wa mtaa wa chini
wakasoma Biblia dirishani bila mshumaa.

Nyuki wa Loveday Curnow walikufa wote.
Alishtaki. Alilipwa shilingi tisa.
Alinunua nyuki wengine.
Nao.

Babu wa mama yangu, Jory Tregidga,
kazi yake ilikuwa ufito.
Ufito mbichi wa mtufaha, unene wa mkono,
aliuzamisha katika bati lililoyeyuka,
nalo likachemka, likatokota, likatema uchafu wake juu,
yeye akiuengua kama mpishi aenguavyo povu la nyama.
Miaka thelathini na mmoja.
Mashati yake yalinukia matufaha yaliyoungua.
Mkewe, hadi anazikwa, tufaha hakulitia kinywani.

Mara nne kwa mwaka ilikuja siku ya kona.
Matofali ya bati yalipangwa barabarani,
moja mzigo wa wanaume wawili,
ubavuni mhuri wa mwanakondoo,
na mtumishi wa mwenye jimbo akapita na nyundo na patasi
akikata kila tofali kona moja,
apime usafi wake, atoze ushuru.
Mwenye jimbo hatukumwona. Nyundo yake tuliisikia.
Siku hiyo mkate ulipanda bei,
na wezi wa mifukoni walivaa viatu vipya.

Ndani ya dohani uliganda unga mweupe.
Nao uliuzwa: sumu ya panya, rangi ya kijani ya kuta.
Wavulana waliukwangua, pamba puani,
udongo mbichi umepakwa usoni.
Petrok Hocken alikuwa na miaka kumi na miwili.
Nimeandika jina lake. Sina la kuongeza.

Kisha bati likapatikana Perak, karibu na uso wa ardhi,
likachotwa kwa majembe kama viazi.
Bei ikaanguka. Wachimbaji wakapanda meli.
Daftari la mwisho ninalo mimi:
"Jumanne, tanuri la pili,"
mkato, halafu ukurasa mtupu.

Dohani waliiangusha siku ya gulio,
shule ikafungwa ili watoto watazame.
Njiwa waliruka kabla ya baruti. Nani aliwaambia?
Likaja zizi la mnada wa kondoo. Ikaja lami.
Barua ya halmashauri yasema: msile mboga za bustanini.
Mama alikula. Yu na miaka themanini na minane,
na ukaidi wake wote.

Jory aliiba kona moja.
Akaifua ikawa bamba jembamba, urefu wa kidole.
Ukilikunja karibu na sikio linalia,
mlio mkavu, kama mtu anayekanyaga barafu mbali.
Kila bati hulia hivyo, si hili tu.
Leo mjukuu wangu amelikunja mara moja, akataka tena.
Nikamwambia inatosha, linyooshe, lipe pumzi,
twende tukanunue jibini kabla hawajafunga.