Safu ya Tano

Bwana shamba Ziro alinichorea safu nne daftarini:
jina la mbegu, siku za kukomaa, kimo, uzito wa punje.
Akawasha pikipiki, akarudi Malindi mjini,
vumbi la Langobaya likamsindikiza mpaka kona ya kinu.

Vipande vitatu vya mtama, kimoja cha mahindi,
hatua ishirini kwa kumi.
Nilivipima kwa kamba ya mbuzi.

Mahindi yalitoa ndevu yakaingoja mvua ya Mei.
Mvua ikapita Ganda, ikatupungia mkono.
Nikaandika: nusu debe.
Nikaandika kwa hati ndogo,
kama mtu anayemsitiri mgeni wake.

Mtama mweupe ndege waliula kwanza.
Mwanangu Nyevu alishinda juani na kombeo
akaniokolea debe mbili.

Ule mfupi wa pakiti ndio bingwa.
Debe nne na vibaba vitatu,
mashuke yamefumbata kama ngumi za kichanga.
Ziro aliupiga picha, akacheka mpaka magego yakaonekana.

Na mwekundu wa mavyaa,
mbegu aliyoitundika juu ya moshi wa jiko
tangu kabla sijaolewa:
debe mbili kasoro.
Ndege huuonja, wakautema.

Hapo safu zikaisha.
Lakini zizini yupo Mkopo,
ng'ombe niliyemnunua kwa deni la chama,
naye hajui kusoma.

Nikampa mabua, kilo kumi kila siku, aina moja moja,
jioni napima alichobakiza.
Ya mahindi alimaliza, ingawa yalikuwa ya siku moja tu.
Ya mweupe aliacha nusu.
Ya yule bingwa aliyanusa,
akanitazama kama niliyempa makuti ya paa.
Kilo nane zilibaki.
Ya mwekundu yalivunwa yakiwa bado mabichi,
ukiyavunja yanatoa maji matamu kama muwa.
Alibakiza vifundo.
Asubuhi nilikamua chupa mbili za soda
pale nilipozoea moja.

Kisha manyunyu ya kupotea njia yakashuka,
visiki vya mtama vikachipua, kijani cha kutamanisha,
kabla jua halijarudi kuvinyausha.
Mkopo alivuta kamba. Mavyaa akapiga ukelele:
"Mshike! Mbuzi wa Tsuma alianguka
tonge bado liko mdomoni!"
Hilo nalo nikaliandika, kwa wino mwekundu.

Ziro aliporudi alikuta safu ya tano,
nimeichora kwa ukingo wa sahani, imepinda.
"Hii umeipimaje?"
Nikamwonyesha Mkopo, anacheua,
macho nusu.
Alinyamaza kitambo, akaomba kalamu, anakili.

Msimu ujao mfupi utakaa karibu na jiko,
mwekundu ukae karibu na zizi.
Mweupe sijui. Labda nimgawie Tsuma.
Mahindi nitapanda, mistari miwili tu,
kwa kuwa Nyevu anapenda ya kuchoma,
na hilo halina safu.