Mahudhurio ya Novemba

Mimi nilipewa saa,
ile ya mwalimu wa riadha, yenye kamba ya shingoni.
Delphine alisema: Gunnar, huwezi kuimba,
huwezi kusoma mbele za watu bila kutetemeka,
basi zile dakika mbili za kimya ni zako. Usizivuruge.

Nyuzi kumi na nane chini ya sufuri.
Theluji ya mlangoni tuliizoa wenyewe kabla mabasi hayajafika,
maana mwaka huu Bi. Labrecque alituachia funguo,
akasema, kumbukumbu ni yenu, nitakaa nyuma na wazazi.

Wiki tatu tuligombana.
Kjell alitaka picha ukutani, vifaru na moshi.
Orysia alitaka maua mekundu ya karatasi, mia nne.
Delphine hakutaka hotuba. Babu wa babu yangu alipigana, alisema,
akarudi Saskatchewan akakuta haruhusiwi hata kununua bia.
Siku aliyorudi hotuba zilikuwepo.

Kisha, stoo, nyuma ya nyavu za voliboli,
tukaikuta rejista ya mwaka wa thelathini na nane.
Wino wa zambarau. Mwandiko wa mwalimu tusiyemjua.
*Hayupo: mavuno.*
*Hayupo: surua.*
*Hayupo: hana viatu.*
Na humo, majina tisa kati ya yale kumi na moja
ya kwenye bamba la shaba tunalolipita kila asubuhi tukitundika makoti,
bamba ambalo mimi, naungama,
nililibandika chingamu darasa la sita.

Ugomvi ukaisha bila mtu kuumaliza.

Ukumbi ulinuka sufi mbichi na nta ya sakafu.
Chekechea waliketi chini, mbele, juu ya mstari wa mpira wa kikapu.
Orysia akaifungua rejista.
Hakutaja mashujaa. Hakutaja damu.
Aliita kama mwalimu aitavyo Jumatatu, macho yakiwa kitabuni:

Arcand, Isidore.

Tollefson, Nils.
(Kjell akatazama viatu vyake.)

Hryciuk, Metro.

“Nipo!”

Sauti ya miaka mitano, mkono juu,
kamasi kwenye mkono wa sweta.
Amerithi jina, hajaambiwa la nani.
Mmoja wetu alianza kucheka, kicheko kikamfia kooni.
Safu ya nne, bibi yake akajishika shavu.
Orysia akainua macho kwa mara ya kwanza.
“Asante, Metro,” akasema, akaendelea.

Lakini sasa kila jina lilikuja na uzito mwingine.
Tulikuwa tukisubiri mtu aitike.

Nikabonyeza saa.
Bomba la joto liligonga, likanyamaza, likagonga.
Sekunde ya hamsini nikapiga hesabu:
Metro wa shaba alinizidi miaka miwili.
Hesabu hiyo ikanishika. Dakika mbili zilipita
na mimi ndiye niliyepaswa kuinua mkono ili Kjell apulize.
Sikuinua. Si kwa kukusudia.
Kjell alinikodolea macho, tarumbeta mdomoni.
Dakika tatu na sekunde nne, ndipo nikakumbuka nina mkono.
Noti ya kwanza ilipasuka, chuma kilikuwa baridi.
Hakuianza upya. Aliipuliza hivyo hivyo, na ufa wake.

Saa ya chakula nilirudi na rula kubandua chingamu.
Ilikuwa imekauka, imeng'ang'ania chini ya herufi K.
Nilikuwa naikwangua, Metro mdogo akapita akienda kunywa maji.
Akasimama. Unafanya nini?
Nasafisha.
Akanyoosha shingo kuona.

Hajui kusoma bado,
ila neno moja tu, lile analoandika kwenye michoro yake.

Nikageuka, nikaliziba bamba kwa mgongo.
Maji yako yanakusubiri, nikamwambia,
nikasimama pale, shaba ikinipenya baridi kwenye shati,
hadi kengele.