Kizibo cha Chumvi

Vuli imeingia Kizuiani kama mdai,
alfajiri, bila hodi, ikigonga bati.
Mkaa nilioacha uani umelowa.
Mke wangu Sikudhani hayupo; angekuwepo
ungekuwa ndani tangu mawingu ya jana,
nami ningekuwa bado kitandani
nikisikiliza kinu.

Yuko Kilwa, kwa binti yetu aliyejifungua.
Siku arobaini, kasema. Leo ya tisa.
Siku nane nimekula chipsi mayai
kwa kijana wa kona, na kwenye simu nikasema:
nakula vizuri.
Si uongo. Sikutaja nini.

Leo mtaro umefurika,
maji yamekaa pale linapokaa jiko la kijana.
Mwenye njaa hana mwiko, walisema.
Mimi ninayo miwili:
wa mti, unaosonga dona,
wa daktari, unaonisonga mimi.

Nafungua kabati lake la jikoni
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.
Choroko kwenye kopo la maziwa.
Karanga zilizotwangwa, zimefungwa fundo.
Ndimu tatu zilizoanza kusinyaa.
Na ndani ya chupa ya chumvi, kizibo cha soda
kilichochujuka rangi, na kikaratasi:
KIMOJA. SUFURIA NZIMA. NAKUJUA.

Matembele yako karibu na bomba,
yameamka na mvua, yameng'aa.
Nayachuma kwa fujo
mpaka Bi Mwajabu anachungulia ukutani:
"Baba Zuhura! Chuma ncha, baba, shina liache,
kesho utakula nini?"

Miaka thelathini na mmoja nakata suti,
begani sikosei hata uzi,
na hapa kitunguu kinanitoa machozi
kabla sijakigusa vizuri.
Mtungi mdogo wa gesi, wa chai tu,
unakoroma chini ya sufuria.
Kitunguu. Nyanya mbili. Karoti moja kizee.
Matembele juu, bila kufunika
(hilo nalikumbuka, sijui nililionea wapi),
karanga, kisha ndimu.

Halafu kizibo.
Nikaonja. Nikasema: huu mlo wa wodini.
Nikatazama mlango. Nani ananiona?
Cha pili kikaingia.

Tonge la kwanza, nikasimama.
Chumvi tupu! Nikanywa maji.
Tonge la pili, vilevile,
kama niliyemeza pwani yote ya Kigamboni.
Na mimi ndiye niliyekuwa nikinyunyiza juu ya sahani
kabla sijaonja.

Nikakaa.
Nikahesabu kwa kurudi nyuma:
Februari, kile cheti cha Zakhiem,
mia na themanini juu ya mia na kumi,
nami nikakikunja nikakitia mfukoni
nikasema, daktari naye mtoto tu.
Hakubishana. Alikwenda kuosha mchele.
Kumbe toka siku ile alikuwa akinipunguza
kama fundi anavyobana kiuno cha suruali,
uzi kwa uzi, wiki kwa wiki,
mvaaji asijue;
chumvi ikitoka, ndimu ikiingia, tangawizi kidogo,
nami nikijilamba vidole: leo umepatia!

Sikudhani.
Miaka yote naliita jina hilo,
leo ndiyo mara ya kwanza limekuwa sentensi.

Nikaongeza maji, nikarudi bombani
kuchuma mengine, ncha tu.
Bakuli moja likapita juu ya ukuta.
Bi Mwajabu akanusa, akauliza kapika nani,
nikajifanya mvua imenizuia kusikia.

Saa nane simu ikaita.
"Umekula nini?"
"Matembele. Na dona."
Akanyamaza. Nyuma yake mjukuu analia,
sauti mpya kabisa, haina hata wiki mbili.
"Vizibo vingapi?"
Nikainua simu juu, karibu na bati.
"Mama Zuhura, mtandao unakatika.
Huku mvua, mvua kubwa."