Msimu wa Kwanza

Mwaka ule chama cha msingi kilitulipa kwa mkupuo.
Twalibu akashuka Masasi kununua bati ishirini,
akarudi na bati kumi na nane
na boksi dogo lililofungwa kwa nailoni:
tamthilia ya mapenzi na vichekesho, msimu wa kwanza,
diski nne, vipande ishirini na nne,
juu yake mwanamke na mwanaume wamepeana mgongo
wamekunja mikono kama wadai wawili
mlangoni kwa mdaiwa mmoja.

"Na bati mbili?" nikamuuliza.
"Mvua ya Newala," akasema, "hainyeshi kona zote."

Tulikuwa na miezi mitano ya ndoa.
Nilimjua kama unavyomjua jirani wa ghalani:
jina, kilo zake, daraja la korosho zake.
Kula tulikula. Kulala tulilala.
Maneno ndiyo tuliyapima
kama maji ya kununua.

Deki tuliazima kwa Bi Somoe, kwa sharti lake
kwamba naye atakaa, na wajukuu watakaa.
Wale watu walikuwa Wafilipino, au Wazungu, nimesahau,
maana mtafsiri mmoja mwenye mafua
aliwasemea wote: mwanamke, mwanaume, mama mkwe, mbwa.
Akawabatiza Tunu na Kandoro.
Milango yao ilitazamana. Waligombania kamba ya kuanikia.
Kila wakikaribia kuambiana la moyoni
simu inaita, maziwa yanafurika, mama mkwe anabisha hodi,
na watu tusiowaona wanacheka kwa pamoja,
kicheko cha watu walioshiba.

Twalibu alicheka kabla yao.
Nusu pumzi kabla. Kila mara.
Nikaacha kioo, nikaanza kumtazama yeye.
Mtu ninayelala naye, kumbe ana pengo
upande wa kushoto.

Diski ya nne, kipande cha mwisho,
Kandoro kamshika Tunu mkono kwenye ngazi,
kafungua mdomo: "Tunu, mimi..."
Picha ikaganda. Uso wake ukamegeka vigae vya rangi.
Tukaitoa diski, tukaipuliza, tukaifuta kwa kanga,
tukaisugua dawa ya meno kama alivyoagiza fundi wa stendi.
Ikanukia vizuri. Ikaganda palepale.
"Amekufa huyo," akasema Bi Somoe,
akabeba deki yake.

Usiku, kona isiyo na bati ikidondoshea sufuria,
Twalibu akasema gizani, kwa sauti ya mafua:
"Tunu, mimi kupika sijui, ila ndoo nitabeba."
Nikacheka kabla hajamaliza.

Ukawa mchezo wetu.
Wakati wa salfa, tumejifunga vitambaa puani:
"Tunu, mimi hata kwenye vumbi hili nakuona."
Mwaka bei ilipoanguka, na malipo yakaja Machi:
"Tunu, mimi na wewe tutatafuna maganda."
Mwaka mimba ilipotoka
hakusema kitu, siku nyingi.
Siku ya tisa akakaa ukingoni mwa kitanda.
"Tunu, mimi..."
akaishia hapo,
na hapo palitosha.

Juzi Shaweji, mtoto wa dada yangu, kaja na simu.
"Mama mdogo, ile tamthilia yenu imo humu, nzima."
Nikasema sitaki.
Nikasema haya, lete.
Ngazi zilezile. Mkono uleule. Mafua yaleyale.
"Tunu, mimi nimesahau funguo zangu kwako."
Wakacheka wale walioshiba.

Nikamrudishia simu yake, nikamkaangia muhogo,
nikamwambia asimwonyeshe baba yake mdogo.
Hakuuliza kwa nini. Vijana wa sasa
wanaona mwisho wa kila kitu, hawaulizi.

Jioni Twalibu akarudi shamba, udongo mwekundu hadi magotini,
mawingu yameshashuka juu ya mikorosho.
Akasimama mlangoni,
akafungua mdomo.

Nikasogeza sufuria chini ya kona,
nikamngoja aseme.