Taa ya Mabela

Taa ya mbele ya nyumba yetu
imekufa tangu mfungo tano.
Mundhiri kanifungulia baladia ndani ya simu:
"Bibi, chagua tatizo."
Shimo. Taka. Mbwa. Maji machafu. Taa.
Nikabonyeza Taa. Ikataka picha.

Nikatoka usiku, nikalipiga giza.
Jibu likaja, lina adabu zake:
katika picha yako hapaonekani kitu.

Nikatoka adhuhuri, jua la kukaangia yai,
nikaupiga mlingoti,
mzima, umenyooka kama bwana harusi.
Jibu: hatujaona kasoro.

Haya, niambieni nyie mliosoma,
kisichowaka kinapigwaje picha?

Usiku wa tatu nikagonga kwa Bi Ghaniya.
Miaka minane tunapungiana mikono tu,
yeye getini kwake, mimi kwangu.
Nikamsimamisha chini ya mlingoti,
kajimulika kwa simu yake:
pua, ushungi, nusu ya kicheko.
Nikaandika: huyu ndiye msiyemwona.

"Inashughulikiwa."
Wiki ya pili hii.

Tumeshatoa viti nje.
Kahawa twamimina kwa kupapasa,
na halua, mkono wa nani uliofika kwanza
hakuna ajuaye.