Panya Kumi wa Maalim Shaame

Usiwavamie wote kwa pamoja, Maalim.
Mvute mmoja, mtoe kundini, kama ulivyokuwa ukinitoa mimi
mstari wa nyuma mpaka mbele ya ubao,
chaki mkononi, mia tatu gawanya kwa kumi na mbili.
Hivyo. Rudi nyuma hatua moja. Sasa piga.

Umekufa. Si kitu.
Humu mtu akifa huamka kisimani,
nguo zake mwilini, senti tatu zimepungua.
Mimi nilikufa mara kumi na saba kabla sijauona mlango wa kijiji,
na hakuna aliyenambia si kitu.

Alikuja dukani Machomane baada ya isha,
nishateremsha nusu ya mlango,
simu kaiviringa kwenye leso kama yai.
Nikadhani kioo. Nikatoa bisibisi.
"Mize," akasema (jina langu analikumbuka kwa makosa yangu),
"nataka kuingia mule anamoingia Mbarouk."

Mbarouk yuko Sohari, mwaka wa sita huu.
Simu hapokei. Si ubaya, kazi za zamu.
Lakini usiku huwa yumo ndani ya mji wa Zumbari,
ana farasi, ana joho la buluu, ana watu wanaomwita Amiri.
Na Zumbari haipokei mtu wa chini ya daraja la kumi na mbili.

Daraja. Neno aliloniandikia kwenye ripoti kwa wino mwekundu.
Yeye sasa ana daraja la kwanza.
Kidole kilichozowea chaki kinabonyeza kioo
kama kinagonga muhuri.
Kila asemalo mlinzi wa lango analisoma kwa sauti,
neno kwa neno, anatafuta kosa la sarufi.
Akalipata.

Mgeni siku mbili, wanasema. Humu dakika ya pili
ushapewa jembe, upanga wa mti na deni la panya kumi.
Hakuna akwambiaye kuwa mkate unaliwa,
kuwa uyoga mwekundu huuzwa, haupikwi,
kuwa yule bibi wa kisimani ana zawadi
ukimwamkia mara mbili,
na watu wote wanampita mbio wakenda kufa.
Saa tatu za mwanzo ndizo zinazowarudisha makwao.
Nimewaona: wanasimama, wanajizungusha,
wanaruka kidogo pale pale walipo,
wanatoweka. Majina yao sijayaona tena.

Basi mimi wa daraja la sitini na moja, mwenye nyati wa kupanda,
nimevua deraya nikarudi shimoni kwa panya.
Sikuulii, Maalim. Nikikuulia
utafika mbele una daraja na huna mkono.
Nasimama ubavuni tu. Nazuia wa pili asije
mpaka umalizane na wa kwanza.

Alinichapa huyu, kwa tebo ya saba.
Vidole vinne, upande wa mifupa.
Nikiwa na miaka kumi nilikuwa nishapanga
yote nitakayomwambia nikishakuwa mtu mzima.
Yale maneno yamekwenda wapi, sijui.
Yaliyonitoka ni: tena, Maalim. Taratibu. Tena.

Wa nane. Wa tisa.
Jasho linamtiririka chini ya kofia.
"Wamebaki wangapi?"
"Kumi toa tisa, Maalim."
Akanitazama juu ya miwani,
kimya kile kile cha darasani,
vidole vyangu vikajikunja vyenyewe.
Kisha akacheka. Miaka saba alinisomesha,
sikuwa nikijua kuwa ana pengo.

Umeme ukakatika. Machomane nzima kiza,
isipokuwa uso wake juu ya simu,
bando lipo, chaji asilimia kumi na nne.
Wa kumi alikuwa kajibanza nyuma ya pipa.

Tarumbeta ndogo. Nuru ya dhahabu. Daraja la pili.
Amesimama kisimani na joho lake la gunia,
anauliza Zumbari iko upande gani.
Nikamwonesha: mlima ule, halafu ule wa nyuma yake.
Akahesabu kwa midomo.
"Siku ngapi?"

Njoo kesho baada ya isha, nikamwambia.
Njoo na chaja.